Saa ya Arobaini

Kitendawili. Mtu anaingia na mzigo kichwani. Hapokelewi, hatuliwi, hasaidiwi hata kwa ncha ya kidole; anaulizwa tu mzigo umefungwaje na anaupeleka wapi. Akitoka anasema ahsante, umepungua. Ukisema ni kwa mganga umekosa, maana mganga hutoa dawa. Ukisema ni kwa hakimu umekosa tena, maana hakimu hutoa hukumu. Basi nipe mji nikwambie: ni kwa kocha. Wala si yule wa mpira mwenye filimbi shingoni. Ni kocha wa wakubwa wa maofisini.

Palikuwa na mama mmoja mwenye kazi hiyo. Wakurugenzi, mameneja na wakuu wa idara walipanda ngazi mpaka nyumbani kwake, ghorofa ya tatu, wanafika wanahema, maana kitambi ni cha cheo lakini ngazi hazijui cheo. Wakaketi kwenye kiti cha kijani kilichotazamana na kiti chake cha kijivu, wakafungua mioyo. Yeye aliuliza. Hakushauri, hakukemea, wala hakuthubutu kusema "mimi ningekuwa wewe." Kila kazi ina mwiko wake, na mwiko wa kazi hiyo ni huo: jibu ni la mteja, lako wewe ni swali. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Hawakujua kwamba siku zitakuja watu wasomee kuuliza, wafanyiwe mtihani wa kuuliza, na wapewe cheti cha kuuliza chenye fremu ya kioo.

Cheti chenyewe hakikuwa cha kudumu. Kila baada ya miaka mitatu kilikufa, na ili kifufuke kocha alipaswa kuonyesha saa arobaini za kujiendeleza: semina, masomo mapya, kukaa na wenzake na kukosoana. Chuo kilichomfundisha kiliamini kwamba kisu kisiponolewa huishia kumkata mwenyewe. Mama huyu alikuwa na daftari la jalada jekundu, na humo aliandika kila saa, mahali na saini. Mwaka huo daftari lilisoma thelathini na tisa. Ilibaki moja tu, na hiyo moja ndiyo ilikuwa mwiba wa samaki kooni.

Maana saa ya arobaini haikuwa kama nyingine. Siku ya mkutano wa wahitimu, mara moja kwa mwaka, kocha anaketi kwenye kiti cha mteja. Mhitimu mwenzake anamwuliza, msimamizi wa chuo anasikiliza pembeni na kalamu yake, na jambo linaloletwa lazima liwe la kweli, tena la kwako mwenyewe. Ukileta la kukopa, saa haihesabiki. Mkutano ulikuwa Jumamosi. Cheti kilikuwa kinakufa mwisho wa mwezi. Na bila cheti, makampuni yaliyompelekea wakubwa wao yangewapeleka kwingine.

Jambo la kweli alikuwa nalo. Hapo ndipo palipokuwa na shida.

Alikuwa na binti mmoja tu, mfamasia. Baba wa binti alishatangulia mbele ya haki mtoto akiwa darasa la pili, na tangu hapo mama na mwana walibaki wawili kama macho: likilia hili, lile nalo linalowa. Binti alikua, akasoma, akaajiriwa kwenye famasi ya hospitali kubwa, akahamia karibu na kazi, lakini kila alipochoka alirudi kwa mama yake na kulala mpaka jua lipite dirishani.

Basi Jumamosi moja asubuhi alikuja na begi. Alikuwa amekosea kupima dawa ya mtoto. Ikaonekana mapema, mtoto hakuinywa, hakuna aliyedhurika. Lakini mkuu wake alimwita mbele ya wenzake wote akamvua nguo kwa maneno. Binti akaandika barua ya kuacha kazi palepale juu ya meza ya kuhesabia vidonge. Akafika kwa mama yake macho yamevimba, akaanza kueleza mlangoni, viatu bado miguuni, kwamba yule bosi wake, yule bosi...

Mama aliposikia neno bosi, kitu ndani yake kiligeuka, kama redio inapopata kituo. Mambo ya mabosi yalikuwa yake. Angekuja analia kwa ajili ya mchumba, au kwa jino, angemkumbatia kama mama yeyote. Lakini hili lilikuwa la kazini, na ya kazini yalikuwa na chumba chake humohumo nyumbani. Akamshika mkono akamwingiza humo, akamketisha kwenye kiti cha kijani, naye akaketi kwenye cha kijivu, mikono juu ya magoti, akamwuliza kwa sauti ile ya upole aliyoifanyia mazoezi miaka tisa:

"Ungependa nini kiwe tofauti?"

Binti akamtazama. Mama akangoja, maana chuoni walifundishwa kungoja. Walifundishwa kwamba kimya kinafanya kazi. Kweli kikafanya kazi. Binti akasimama, akachukua begi lake.

"Mama, mimi si mteja wako. Nilikuja kulala."

Na mpaka mlango ulipofungwa, mama alikuwa bado ameketi, akiamini kwamba hiyo ni hatua, kwamba mteja anayeondoka kwa hasira hurudi na jibu. Jioni ilipoingia ndipo alipotambua kwamba hakumfukuza mteja. Alikuwa amemfukuza mtoto.

Ilikuwa imetimia miezi minane. Akipiga simu inalia mpaka inachoka. Akiandika, baada ya siku mbili tatu anapata maneno mawili: "Niko salama." Alijua binti amepata kazi nyingine, kwenye duka la dawa la mtaani, na mtaa wenyewe aliujua, na hata jengo. Lakini kwenda hakwenda. Alijiambia lile analowauliza wakubwa wanaotaka kuwakimbilia watu waliowaudhi: je, umempa nafasi? Basi akampa nafasi. Nafasi ikawa mwezi, ikawa minne, ikawa minane.

Kuna mgeni ambaye haji kwa hodi. Hali, hanywi, hasemi, na ukiwasha redio ili aondoke anavuta kiti karibu zaidi. Usitafute mbali, ni ukimya wa nyumba. Mama huyu aliishi naye. Asubuhi alichemsha maji ya chai ya watu wawili kwa mazoea, nusu akaimwaga. Mchana waliingia wakubwa, wakasema, wakatoka, na kila mmoja alipotoka, mama alikunja vizuri kitambaa cha mezani walichokuwa wakikivurugavuruga wakiongea. Kazini alisikia mambo ya watu ishirini. Nyumbani hakuwa na wa kumwambia kwamba bomba la jikoni linavuja.

Hata hivyo hakukosa wenzake. Wahitimu wa darasa lake walikuwa ishirini na watatu, na walikuwa na kundi lao kwenye simu, lililoongozwa na mmoja waliyemwita Kiranja, kwa kuwa darasani ndiye aliyeandika majina ya wapiga kelele, na hajaacha. Mwezi wa tatu tangu binti aondoke, mama alijipa moyo akaandika humo: "Wenzangu, nina jambo na mwanangu, linanielemea." Hazikupita dakika thelathini, majibu kumi na moja. Mmoja aliuliza, unajisikiaje unapoliandika hili? Mwingine aliuliza, hapo kipi kiko mikononi mwako? Kiranja akataka ajipe alama, moja mpaka kumi. Hakuna aliyepiga simu. Hakuna aliyesema pole, maana pole si swali. Mama akaandika, "Nimepata mwanga, ahsanteni," wakamtumia mikono inayopiga makofi, safu nzima.

Tangu siku ile alikata shauri kwamba la binti litabaki kwake. Na kwa saa ya arobaini angepeleka lile alilolipeleka mara mbili zilizopita likapita bila kushtukiwa: kitabu. Alikuwa akisema anataka kuandika kitabu juu ya kazi yake na hapati muda. Jambo zuri, safi, halina damu. Tatizo lake lilikuwa moja tu: limezoeleka.

Jumamosi alifika chuoni mapema. Ukumbi ulikuwa umepangwa viti kwa duara, vibandiko vya majina mezani, chupa za chai zimepangwa kama askari. Hajatundika hata mkoba, Kiranja akamdaka.

"Dada Mkubwa! Kitabu kimefika wapi?"

Walimwita Dada Mkubwa kwa kuwa darasani aliwazidi wote umri. Akajibu kwamba kinakuja, kinakuja.

"Hiki kitabu mimba yake ni ya tembo," alisema Kiranja, na waliokuwa karibu wakacheka, naye akacheka nao.

Na mkutano wa makocha ni kioja chake. Ukiwakusanya wauza maji kila mmoja ana maji. Ukiwakusanya makocha kila mmoja ana swali, na hakuna wa kujibu. Mhitimu mmoja mgeni aliuliza choo kiko upande gani. Mwenzake akamtazama kwa upole akamwuliza, wewe unahisi kiko upande gani? Maskini, akahisi kushoto, akaingia stoo ya mafagio. Walikumbatiana sana, waliulizana habari za kazi na ukuaji wa ndani na malengo, na ilipofika saa nne kila mmoja alikuwa ameulizwa mara kumi na hajajulikana hata mara moja.

Msimamizi aliingia, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba, akachanganya vikaratasi vya majina kwenye bakuli. Kabla hajagawa aliwakumbusha sheria mbili. Ya kwanza, jambo la kweli. Ya pili, la kipindini hufia kipindini: anayelisikia hatalitaja nje, hatalidokeza, hata kwa mwenye jambo mwenyewe, mpaka mwenye jambo alifungue kwa mdomo wake. Wote wakaitikia, maana sheria hiyo waliiapia.

Mama aliangukiwa na yule waliyemwita Nesi. Alikuwa mwanamume mpana, mwenye viganja kama masinia, aliyeuguza watu wodini miaka kumi na tano kabla ya kusomea ukocha, na sasa alikuwa kocha wa wakuu wa mahospitali. Alisema taratibu, na alipokaa kiti kililalamika.

Wakaingia darasa namba mbili, wao na msimamizi. Ubao haukufutwa vizuri. Viti viwili vilikuwa vya rangi moja, jambo lililomsumbua mama bila sababu. Hakujua kipi ni cha kuulizwa mpaka Nesi alipokaa kimoja. Simu ikatengwa mezani, ikawekwa kengele ya dakika sitini.

"Dada Mkubwa, leo umekuja na nini?"

Akaanza na kitabu. Alikisema vizuri, kwa mpangilio, kama mtu anayekariri: kwamba wazo lipo, muda haupo, kwamba labda ni woga. Kalamu ya msimamizi ilikuwa inaandika taratibu, bila hamu. Nesi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza:

"Kikishakamilika, wa kwanza utakayemsomea ni nani?"

Alifungua mdomo kusema wateja, au wenzangu. Badala yake alimwona binti yake, mdogo, sakafuni jikoni, akimsomea yeye kwa sauti maandishi ya chupa. Chupa yoyote. Dawa ya kikohozi, siki, dawa ya mende. Tikisa kabla ya kutumia. Weka mbali na watoto. Naye akisoma hilo la mwisho alikuwa akiisogeza chupa mbali na yeye mwenyewe, kwa utii, halafu anainyoosha shingo aendelee kusoma.

"Hakuna kitabu," alisema mama. "Hakuna hata ukurasa. Nina binti."

Kalamu ikasimama.

Akaeleza yote. Begi, viatu, kiti cha kijani, mlango. Alieleza vibaya, akirudi nyuma, akiruka, na mara mbili alisema "mteja" alipotaka kusema "mwanangu." Nesi hakumkatiza. Alipomaliza, alivuta pumzi, akaweka mikono juu ya magoti, na kwa sauti ya upole akauliza:

"Ungependa nini kiwe tofauti?"

Hakuwa amekusudia ubaya. Swali hilo liko ukurasa wa saba wa kitabu cha chuo, wote walilisoma, wote walilipenda. Lakini lilimmwagikia kama maji baridi kwa mwenye homa. Alijua linataka nini kwake: ajikusanye, ajiinue, afikiri. Naye hakuwa na nguvu za kufikiri. Alikuwa mtu anayetaka kutandikiwa alale. Anayezama haulizwi kina cha maji. Akamtazama Nesi. Nesi alikuwa anangoja, mgongo umenyooka, uso umejaa subira hata unapendeza, na mama akaona kitu ambacho katika miaka tisa hakuwahi kukiona kwa kuwa hakuwahi kukaa upande huo na jambo lake la kweli. Alijiona mwenyewe.

"Hilo ndilo nililomwuliza," alisema. "Hilohilo. Nikangoja hivyohivyo."

Nesi akaitikia kwa kichwa, akaendelea kungoja.

"Unajua anayengojewa anajionaje? Anajiona yuko peke yake, na kuna mtu anamtazama."

Mkono mmoja wa Nesi ukanyanyuka kutoka gotini, mkono uliowahi kushika mikono ya wagonjwa wasio na hesabu, ukafika katikati ya viti viwili. Msimamizi alikuwa pale. Mkono ukarudi.

"Na sasa unapoliona hilo," aliuliza, "unaona nini kingine?"

Wakaenda hivyo mpaka kengele ya simu ilipolia. Msimamizi alivua miwani, akasema hicho ndicho kipindi bora alichokisikia mwaka mzima. Akamsifu Nesi kwa lile swali la nani atasomewa kitabu kwanza, akasema swali kama hilo halifundishwi. Akafungua daftari jekundu, akaandika arobaini, akatia saini na mhuri wa chuo. Cheti kilikuwa kimefufuka. Mama akashukuru, akatoka kwenye korido, akajiona kama mtu aliyegongewa mhuri juu ya kidonda.

Wakati wa chakula Nesi alikuja kuketi karibu naye. Angeweza kukaa kwingine, viti vilikuwepo. Alimsogezea chumvi kabla hajaiomba. Akasema maegesho ya chuo yamekuwa madogo. Akasema feni ya ukumbi ina kelele. Akazungumzia semina ya mwezi ujao na kama kweli ni ya saa sita au wamezidisha. Na kila alipomaliza sentensi alimwangalia kidogo, akaangalia sahani yake. Mama akaelewa. Mtu mmoja tu duniani alijua la nyumbani kwake, na mtu huyo alikuwa ameapa kutojua. Funguo alikuwa nazo mama mwenyewe.

Naye, aliyewafungua wakurugenzi, alikaa na kijiko mkononi muda mrefu kabla hajaweza kujifungua mwenyewe.

"Nesi, la asubuhi nalifungua," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Hapa si kipindini, hapa ni mezani. Usiniulize kitu. Niambie tu. Ingekuwa wewe, ungefanyaje?"

Nesi aliweka uma chini. Uso wake ulilainika, ukawa wa mtu wa wodini, na mama akasogea kumsikiliza kama mtoto anavyosogea.

"Dada," alisema Nesi, "unadhani yeye..."

Akajaribu tena.

"Labda cha kujiuliza ni..."

Akafumba mdomo. Wakatazamana. Nesi akajifuta paji la uso kwa kitambaa cha karatasi, na akasema taratibu, kwa aibu ya mtu mzima:

"Unisamehe. Zamani nilikuwa najua. Nilikuwa namwambia mtu lala, kunywa, mwanao anapona. Siku hizi nikifungua mdomo linatoka swali. Hata mke wangu ameacha kuniambia mambo."

Mama hakucheka, ingawa siku nyingine wangecheka wote wawili. Aliona ukumbi mzima nyuma ya bega lake: watu ishirini na kitu, wema, wasomi, wasikivu, kila mmoja ameinamisha kichwa upande mmoja kumsikiliza mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anasema. Akamgusa Nesi mkono, akasimama, akachukua mkoba wake. Kiranja alimkimbilia mlangoni na kumwuliza kama hatabaki kwa picha ya pamoja. Akamjibu kwamba anakwenda kwa mwanawe. Kiranja akauliza, na ukifika unatarajia nini? Mama alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Jengo la binti lilikuwa la ghorofa mbili, nguo zimeanikwa kwenye korido, harufu ya sabuni. Aliulizia kwa fundi viatu aliyekaa pale chini, akaonyeshwa mlango wa bluu. Akabisha. Na aliposimama pale, maswali yakamjaa mdomoni, yanasukumana kama watu kwenye mlango mmoja: umekonda? unakula? unalala? umenisamehe? Salamu yenyewe ni swali. Alipofunguliwa hakuweza hata kusema hujambo.

Binti alikuwa na koti jeupe la kazi mkononi, pasi inapata moto nyuma yake. Hakushtuka, au alishtuka akaficha. Alimtazama mama yake, kisha mkoba, kisha kibandiko cha jina alichosahau kukibandua kifuani.

"Umetoka kwenye mkutano wenu."

"Ndiyo."

"Haya, uliza."

"Sina swali," alisema mama. "Siku ile ulikuja na begi. Nilipaswa nikwambie vua viatu, nenda ukalale. Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake, na sikuyasema. Nilikosea, mama. Vua viatu, nenda ukalale."

Binti aliangalia chini. Alikuwa peku.

"Ningelala siku ile," alisema. "Siku ile ningelala hata wiki. Sasa nimeshaamka, Mama. Nimeshapata pangu."

Hakulisema kwa ukali. Lingesemwa kwa ukali mama angejua pa kulishika. Binti akarudi kwenye pasi, akauacha mlango wazi, hakusema karibu wala hakusema nenda. Mama akangoja kidogo, halafu akakumbuka kungoja kwake kulikomfikisha hapo, akaingia.

Chumba kilikuwa kimoja. Kiti kilikuwa kimoja nacho kimejaa nguo, basi akaketi ukingoni mwa kitanda. Aliona sanduku ambalo halijafunguliwa tangu kuhama, utepe wa gundi bado umeng'ang'ania. Aliona sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja vikikauka juu ya kitambaa. Aliona kwenye mkono wa binti alama ya kuungua, mpya, ya urefu wa kidole. Kila alichokiona kilikuwa na swali lake, na kila swali alilimeza, na yalishuka kama vidonge bila maji. Pasi ilikuwa inakwenda na kurudi. Hakuna aliyesema. Kilikuwa kimya tu, hakifanyi kazi yoyote, na kilimwuma mama kuliko kile cha nyumbani kwake, kwa kuwa hiki kilikuwa na watu wawili ndani.

Binti alimaliza mkono wa kushoto wa koti, akageuza wa kulia. Akasema, bila kugeuka, kwamba kazini kwake sasa wako wawili tu na mwenye duka ni mzee mpole. Baadaye, kola ikipigwa pasi, akasema kwamba mpaka leo akipima dawa ya mtoto anapima mara tatu, na wateja wanalalamika foleni. Mama alikaza meno. Alikuwa na maswali saba ya kitaalamu juu ya hilo, yote mazuri.

"Pole, mwanangu," alisema.

Pasi ilisimama kidogo, ikaendelea.

Binti alivaa koti, akachana nywele mbele ya kioo cha ukubwa wa daftari, akasema zamu yake inaanza saa tisa. Wakatoka pamoja. Njiani binti alitembea upande wa barabara na mama upande wa kuta, hatua zao zikikaribia kulingana halafu zikipotezana. Kwenye njia panda, duka la dawa lilionekana upande wa pili na watu watatu wakingoja nje. Binti akasimama. Alinyoosha mkono, mama akadhani anataka kumshika, kumbe alikuwa anambandua kile kibandiko kifuani. Akakikunja, akakitia kwenye mfuko wa koti lake.

"Kesho nina zamu ya asubuhi," alisema.

Akavuka barabara.

Mama alibaki amesimama pale njia panda. Zamu ya asubuhi. Ilikuwa na maana kwamba mchana yuko huru, basi mama aje. Au kwamba asije, maana atakuwa amechoka. Au haikuwa na maana yoyote, ni mtu tu amesema habari za zamu yake. Lingehitaji swali dogo, la maneno mawili, na barabara haikuwa pana, angeweza kuita akasikika. Alimwona binti akiwapita wale watatu, akiwaomba radhi kwa kuchelewa, akifungua kidirisha.

Hakuita. Aliibeba ile sentensi kama ilivyo, haijafunguliwa, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu, polepole, akiipitishia njia ndefu.